Mpanda Ngazi Hushuka: Somo la Baiskeli Katika Vilima, Misitu na Vijiji vya Kale vya Kwale

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Methali hii tumeifafanua mara nyingi katika insha zetu, na kila mara tumesema yamhusu mtu mwenye cheo aliyejisahau. Mimi leo naomba tuichukue vivi hivi ilivyo, bila fumbo. Anayepanda hana budi kushuka, na kushuka nako kuna elimu yake. Ngazi yangu ni barabara ya kutoka Kombani hadi Kwale. Chombo changu ni baiskeli.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa, baiskeli twaijua. Wengi wetu huja nayo kila siku ya Mungu. Hata hivyo, tukiulizwa ni kwa nini mlima hutushinda, au ni kwa nini breki hukataa mvua inaponyesha, twabaki kutazamana kama kuku wageni. Nimeandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mlezi wa chama alitutaka kila mmoja aandike jambo analolijua kutoka kwao, asinakili vitabuni. Sababu ya pili nitaieleza nitakapofika kwenye mteremko, kwa maana huko ndiko ilikotokea.

1. NCHI ILIVYO

Ukishuka feri pale Likoni na kushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga, mwanzo hutasumbuka sana. Nchi ni ya minazi na miembe, na panda-shuka zake ni ndogondogo. Lakini ukitupa macho upande wa kulia, mbali kidogo, utaona kama ukuta wa kijani umesimama. Hivyo ndivyo vilima vya Shimba. Ukifika Kombani, njia ya Kwale hukata kulia, na hapo ndipo mchezo huanza. Mji wa Kwale uko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari.

Anayepanda kwa matatu haoni tofauti. Anayepanda kwa baiskeli huiona kwa ngozi yake. Chini ni joto na jasho, juu ni ubaridi, na asubuhi nyingine ni ukungu mtupu. Sababu ni hii: upepo utokao baharini umebeba mvuke. Ukikutana na vilima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa mvuke ule hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana misitu iko juu huko, na ndiyo maana kuna chemchemi. Maji ya Marere, yaliyo ndani ya vilima hivi, yamepelekwa Mombasa kwa mabomba tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo ndugu zetu wa kisiwani wanaotucheka kuwa sisi ni watu wa mashamba wakumbuke kwamba wamekunywa maji ya mlima wetu.

Jina lenyewe la Kwale ni jina la ndege. Kwale ni yule ndege wa porini afananaye na kuku mdogo, akimbiaye zaidi kuliko kuruka. Ukipita alfajiri njia za msituni kwa baiskeli utamwona akivuka mbele yako, na hapo utafahamu kuwa kamusi haikukosea.

2. CHOMBO CHENYEWE

Baiskeli ya mfano wa hii tuijuayo, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitokea Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akatengeneza tairi lenye upepo ndani. Kabla ya hapo watu walipanda juu ya mpira mgumu au chuma, na mifupa yao ndiyo iliyokuwa springi.

Hapa kwetu ile nyeusi, nzito, yenye keria kubwa nyuma, twaiita Black Mamba. Ni baiskeli ya kazi. Hubeba gunia la nazi, mitungi ya maji, mbao, hata mgonjwa. Ila ina gia moja tu. Sasa tuone gia moja maana yake nini kwenye mlima.

Fizikia twafundishwa kwa Kiingereza, na wengine husema Kiswahili hakiwezi kuieleza. Mimi nasema hebu tujaribu.

Nilihesabu meno ya baiskeli yangu: mbele ni 44, nyuma ni 18. Gawanya 44 kwa 18, utapata 2.4 na ushei. Maana yake, nikizungusha pedeli mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu langu likizunguka mara moja husafiri mita 2.2. Basi kila mzunguko mmoja wa pedeli hunipeleka mita 5.4 hivi mbele. Kwenye tambarare hiyo ni neema. Kwenye mlima ni adhabu, na sababu ni hii ifuatayo.

Tuchukue mlima wa asilimia 10, yaani kila mita 10 unazokwenda umepanda mita 1. Mita 5.4 za mbele ni sentimita 54 za kwenda juu. Mimi na baiskeli yangu pamoja tuna kilo 75. Kuinua kilo 75 kwa sentimita 54 kwahitaji kazi ya jouli 405. Kazi hiyo yote lazima miguu yangu iifanye katika mzunguko mmoja tu wa pedeli. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17, hivyo mguu husafiri karibu mita 1.07 katika mduara wake. Gawanya 405 kwa 1.07, utapata nyutoni 380 kwa wastani. Ni kama kuwa na mzigo wa kilo 38 unaousukuma bila kupumzika.

Sasa mchukue mwenzangu mwenye baiskeli ya gia nyingi. Anaweka gia ndogo kabisa, meno 28 mbele na 28 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli humpeleka mita 2.1 tu, yaani sentimita 21 kwenda juu. Kwa uzito ule ule, kazi ni jouli 157 na ushei, na mguu husukuma nyutoni 147 hivi, kama mzigo wa kilo 15. Je, amepunguza kazi? La hasha! Kufika Kwale ni kufika Kwale, na kazi nzima ni ile ile. Alichofanya ni kuikatakata vipande vidogo. Atazungusha pedeli mara nyingi zaidi kuliko mimi, lakini atafika ameketi, nami nitafika nasukuma kwa mikono. Haba na haba hujaza kibaba, na hii ndiyo fizikia ya methali hiyo.

3. KUPANDA

Haya niyasemayo nimeyajaribu mimi mwenyewe, na mengine nimeambiwa na fundi wa baiskeli wa kwetu.

(a) Jaza upepo. Tairi legevu hushikana na barabara na kukurudisha nyuma. Likandamize kwa kidole gumba. Likibonyea sana, piga pampu.

(b) Pandisha kiti. Ukiketi na kushusha pedeli hadi chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Wengi wetu huweka kiti chini ili tufikishe miguu ardhini, kisha twalia magoti.

(c) Anza polepole. Kosa la vijana ni kuushambulia mlima. Unaufikia kwa mbio, baada ya mita 200 pumzi zimekatika. Panda kwa kasi ambayo ungeweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, umezidisha.

(d) Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Kwa joto letu la pwani, kiu ikija huwa umechelewa.

(e) Ukishindwa, shuka usukume. Hakuna aibu. Black Mamba ilibuniwa kwa kubeba mizigo, si kwa mashindano, na wazee wetu wenye mizigo wamesukuma mlima huu miaka na mikaka.

Ukitaka kujua mlima wenu una ukali gani, hauhitaji mashine. Chukua ubao wa mita 1 na chupa ya maji uliyoijaza nusu, iwe ndiyo pimamaji yako. Laza ubao barabarani kufuata mteremko, kisha inua ncha ya chini mpaka maji ndani ya chupa yakae sawa. Pima pengo lililo kati ya ncha ile na ardhi. Sentimita 5 ni asilimia 5, sentimita 10 ni asilimia 10. Kwenye kijia kinachotoka mtoni kuja kwetu nilipata sentimita 10 kamili, nikajua kumbe magoti yangu hayakuwa yakinisingizia.

4. KUSHUKA

Watu wengi hudhani kupanda ndiko kugumu na kushuka ni zawadi. Sikiliza, ndugu yangu.

Kazi yote uliyoifanya kupanda haikupotea. Imehifadhiwa. Tuseme umepanda mita 300. Kilo 75 mara 10 mara 300 ni jouli 225,000. Unapoanza kushuka, akiba hiyo yote hurudi, na isipozuiwa hugeuka kasi. Breki hufanya kazi moja tu: hugeuza kasi kuwa joto. Jouli 225,000 zatosha kuchemsha maji ya karibu vikombe vitatu vya chai. Upepo hukusaidia kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa ya joto hilo lapita kwenye vipande vidogo vya mpira, kila kimoja hakizidi kidole chako. Ndiyo maana ukigusa rimu baada ya mteremko mrefu unaweza kuungua.

Jambo la pili ni kasi. Ukiongeza kasi maradufu, nishati haiongezeki maradufu, huongezeka mara nne. Aliye katika kilomita 40 kwa saa anahitaji mara nne ya umbali wa kusimama wa yule aliye katika 20. Hapo ndipo wengi hupotea hesabu.

Jambo la tatu ni mvua. Breki za Black Mamba ni za fimbo za chuma, nazo hubana rimu kwa ndani. Rimu yenyewe ni ya chuma kilichong'arishwa. Ikilowa maji, mpira huteleza juu yake, na wewe unabana na bado unakwenda.

Sasa naifikia ile sababu ya pili niliyoahidi.

Nina binamu ambaye mimi humwita kaka kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Yeye ni mkwezi. Hukwea minazi ya watu, huangua nazi, na mara kwa mara huzipeleka sokoni kwa baiskeli. Muhula wa kwanza mwaka huu mpira mmoja wa breki yangu ya mbele ulikatika. Sikuwa na pesa, na sikutaka kumsumbua mama kwa jambo nililoliona dogo. Usiku nikafungua mpira kutoka breki ya mbele ya baiskeli ya kaka, nikautia kwenye yangu. Nilijiambia kuwa Jumamosi nitanunua mwingine niurudishe. Jumamosi ikapita. Ya pili nayo ikapita. Bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana pale kiosk, lakini nilisahau, au nilijifanya nimesahau.

Siku moja jioni baada ya mvua, kaka alikuwa akishuka kutoka Kwale na gunia la nazi kwenye keria. Breki ya mbele haikushika. Ya nyuma ilikuwa imelowa. Akajaribu kuzuia gurudumu kwa kisigino cha ndara, kama tufanyavyo sote, na ndara ikamtoka. Alianguka kwenye mtaro kabla ya kona. Kumshukuru Mungu, hakuna gari lililokuwa likija. Alivunjika mtulinga. Kwa miezi miwili hakukwea mnazi, na mkwezi asiyekwea hali. Wanawe wawili walikula kwetu muda wote huo.

Nilikaa na siri yangu wiki tatu. Kisha nikamwendea, nikamwambia, "Kaka, ule mpira wa breki niliuchukua mimi." Nilitegemea anipige au anifukuze. Akanitazama tu. Akasema, "N'liujua hauko. Asubuhi n'lipobana n'liona. Nikasema leo nitashuka polepole." Akanyamaza, halafu akaongeza, "Wewe ulikosa, na mimi nikakosa. Lakini wewe wasoma. Waeleze wenzio."

Basi nawaeleza. Kabla hujashuka mteremko wowote, fanya haya manne, nayo hayazidi dakika mbili:

(a) Bana breki ya mbele peke yake na usukume baiskeli mbele. Gurudumu la mbele likizunguka, usishuke juu yake, teremka kwa miguu. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma.

(b) Tazama mipira. Ikiwa imeisha hadi chuma chakaribia rimu, badilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

(c) Mzigo ufungwe chini na katikati, usiyumbe. Kumbuka kila kilo unayobeba yaongeza kazi ya breki.

(d) Vaa viatu vya kufunika mguu, na kofia ngumu ukiwa nayo. Ndara si breki.

Ukishaanza, bana breki zote mbili kabla ya kona na si ndani ya kona. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla utarushwa juu ya usukani. Ukibana ya nyuma peke yake utateleza. Ikiwa barabara imelowa, bana kidogo mapema ili kuifuta rimu maji, kisha ubane tena. Endelea kushika kushoto. Fundi wetu husema, "Baiskeli haina roho. Roho ni yako."

5. MSITU NA ADABU YAKE

Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968. Ndani yake yuko palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Katika Kenya nzima palahala wa mwituni hupatikana hapa tu. Wako pia ndovu. Mwaka 1995 wenye mashamba wa upande wa Mwaluganje waliunganisha ardhi yao ikawa hifadhi ya jamii, ili ndovu wapate njia yao na wenyeji wapate mapato badala ya hasara ya mahindi.

Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: usiingie hifadhini bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na usipite barabara za kandokando ya msitu alfajiri sana wala usiku. Gari lina milango, baiskeli haina. Ukimwona ndovu, simama mbali, geuka, ondoka taratibu. Usipige kengele ukidhani atakupisha.

Kule Diani adabu ni ya namna nyingine. Msitu wa zamani umebaki vipande vipande katikati ya mahoteli, na mbega weusi kwa weupe huvuka barabara. Ukiinua macho utaona ngazi za kamba zimening'inizwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ziliwekwa na shirika la kuhifadhi mbega, lililoanzishwa mwaka 1997, ili wanyama wavuke juu wasigongwe na magari. Hata mbega wana daraja lao, sembuse sisi kukosa njia ya baiskeli?

6. VIJIJI VYA KALE

Twaambiwa kuwa huko kusini mwa Ulaya, katika Italia na Ufaransa, watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuendesha baiskeli kati ya misitu ya vilimani na vijiji vya mawe vya kale. Vijiji vile vingi vilijengwa juu ya vilima ili adui aonekane angali mbali. Niliposoma hayo nilicheka. Si ndivyo walivyofanya wazee wetu?

Wamijikenda ni jamii tisa: Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma. Masimulizi yasema walitoka Singwaya, kaskazini, wakifukuzwa na adui, wakajenga vijiji vyenye maboma ndani ya misitu, vingi juu ya vilima. Kijiji hicho ndicho kaya. Kilikuwa na vijia vyembamba na malango, na ndani yake palifukiwa fingo, kinga ya kaya. Baadaye watu walihamia mashambani, lakini msitu haukukatwa, kwa kuwa makaburi na mahali pa dua pamebaki humo. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mojawapo ni Kaya Kinondo, karibu na Diani.

Kinondo hupokea wageni. Utaegesha baiskeli nje, utafungwa kaniki kiunoni, utafuata mwenyeji kwa miguu. Usikate jani, usiokote kitu, usipige kelele. Tulipokwenda mwaka jana mzee aliyetuongoza alituuliza ni wangapi kati yetu tumezaliwa karibu na hapo. Mikono sita ikainuka. Akauliza ni wangapi tumewahi kuingia. Hakuna mkono. Akasema, "Wazungu wapanda ndege kuja. Nyinyi mwashindwa kupanda baiskeli?" Hatukuwa na la kujibu.

Kutoka Tiwi ukishuka kuelekea ufuo wa Diani, kwenye mlango wa mto Mwachema, uko Msikiti wa Kongo. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, paa lake limepinda kama tumbo la mtumbwi uliofudikizwa, na mibuyu mikubwa imeuzunguka. Ni wa karne nyingi, na hadi leo watu husali ndani yake. Egesha baiskeli chini ya mbuyu, vua viatu, ingia kwa heshima.

Ukirudi barabara kuu na kuelekea Msambweni, utakata kushoto kwenda Gazi. Hapa ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mwaka 1895 vita vilizuka baina ya Wamazrui na Waingereza. Mbaruk alikuwa na ngome yake bara, mahali paitwapo Mwele, na mwezi Agosti mwaka huo Waingereza waliishambulia na kuiteka. Vita viliendelea hadi 1896, Mbaruk alipovuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Jumba lake lingali Gazi. Na pembeni ya kijiji mna mikoko. Tangu 2013, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni huitunza mikoko hiyo na kulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na miti. Fedha hizo husaidia maji na shule. Historia ya kijiji haikuishia kwenye vita.

7. WALIOTUTANGULIA KWENYE MLIMA

Usidhani baiskeli ya mbio ni mambo ya wengine. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Eritrea ilianza mashindano ya kuizunguka nchi mwaka 1946, baiskeli zikiwa zimeletwa na Waitalia. Mwaka 2024 Mweritrea Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Na Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa zaidi ya kilomita 260, na jumla ya kupanda ilizidi mita 5,000. Gawanya kwa zile mita 300 zetu: ni kama kuupanda mlima wa Kwale mara 16 na zaidi kwa siku moja. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia.

8. MSAMIATI

Usukani: sehemu ya kushika na kuelekeza baiskeli.
Rimu: duara la chuma linaloshika tairi.
Spoku: vijiti vyembamba viunganishavyo rimu na kitovu cha gurudumu.
Keria: kibebeo cha mizigo nyuma ya kiti.
Pancha: tundu la tyubu, huzibwa kwa kiraka.
Mwinuko: mahali nchi inapopanda. Kinyume chake ni mteremko.
Msuguano: hali ya vitu viwili kukwaruzana na kuzuiana.

9. MASWALI YA MARUDIO

(a) Baiskeli ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Gurudumu lake husafiri mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja wa pedeli hukupeleka umbali gani?
(b) Kwa nini gia ndogo haipunguzi kazi ya kufika juu ya mlima?
(c) Eleza sababu mbili zinazofanya kushuka kuwe na hatari kuliko kupanda.
(d) Kaya na vijiji vya vilimani vya Italia vinafanana kwa jambo gani?
(e) Pima mwinuko wa njia ya kwenu kwa ubao na chupa, ulete jibu katika mkutano wa chama.

Nikimalizia, kaka amepona. Amerudi kukwea, ingawa bega humuuma masika yakija. Niliuza kuku wangu mmoja nikanunua mipira minne, miwili yake na miwili yangu, na uliobaki hela nikanunua kiraka. Kila Ijumaa baada ya vipindi, mimi na wanachama wengine wawili huwa nje ya lango na pampu moja na spana. Kama baiskeli yako haijakaguliwa, ilete. Hatutoi pesa wala hatutozi. Tutabana breki yako ya mbele tu, na likizunguka gurudumu, utasukuma hadi nyumbani.